Msomee mwanachama ukurasa wake

Kazi yangu ni kuwafundisha viongozi wa vyama vya wavuvi hapa Lamu kutunza vitabu, na kuna swali linalonifuata kila diko, yaani kila kituo wanapopakulia samaki. Juzi kijijini Matondoni aliliuliza mzee mvuvi aliyekuwa ameacha kutoa michango: "Mimi binafsi nimepata nini?"

Katibu akajibu kwa nia njema. Chama kimenunua friza, akiba imekua, viongozi wamekwenda semina. Yote kweli, ila mzee aliuliza habari zake akapewa habari za chama.

Nikaomba daftari. "Ami, hebu tusome ukurasa wako." Akiba yake ilikuwa shilingi 18,000. Chama chao hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na msimu uliopita wa upepo wa kusi, jarife lake, ule wavu mkubwa wa kuvulia, liliporaruka mwambani, alikopa 40,000 akanunua jingine. Jarife hilo analivulia hadi leo. Mkopo alikuwa ameshausahau. Tukaja kwenye habari za tajiri, yaani mnunuzi anayewakopesha wavuvi zana. Tajiri akikununulia jarife, samaki wako ni wake, na bei anapanga yeye. Mzee mwenyewe akaitaja tofauti ya bei ya tajiri na bei anayouzia yeye sasa: shilingi 50 kwa kilo. Kilo 10 kwa siku, siku 20 za kwenda baharini, hizo ni 10,000 kwa mwezi. Akanyamaza, akaomba tuihesabu tena.

Ndiyo maana nawasihi makatibu: kila mwanachama apewe karatasi yake kabla kusi haijaingia, wakati watu wanapofikiria mikopo. Iandikwe akiba, mikopo, riba aliyolipa, gawio. Mama karanga, yule anayenunua samaki akawakaanga na kuwauza, hana haja na habari za jarife. Yeye mwandikie kilo alizouziwa na bei aliyopata.

Na kuna faida isiyohesabika kwa mwezi. Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, ilibidi ijulikane mvuvi ni nani. Kanuni za BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, za mwaka 2007 zilitaka wavuvi wa diko waandikishwe. Kwa maoni yangu, jina lililoandikwa mapema lina uzito kuliko lile linalotafutiwa mashahidi siku ya malipo. Hili nalo liingie kwenye karatasi: umeandikishwa tangu mwaka gani.

Kuandika karatasi za wanachama 60 kwa kalamu ni jioni tatu tu. Katibu akinihitaji, nitakaa naye.