Kubalansi afya si kugawa sawa

Neno kubalansi limeenea hapa Kigoma. Kwenye mikutano ya vikoba Mwanga, kwenye kijiwe cha bodaboda Gungu, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, kila mtu anabalansi. Anayekula mchicha anabalansi. Aliyekunywa Jumamosi akashinda na maji Jumapili, naye amebalansi. Wanaopenda Kiswahili kilichonyooka husema "mizani ya afya" au "uwiano wa afya", lakini wakianza kufafanua wanatumbukia katika makosa yale yale mawili. Nimeyasikia mno, na yananisumbua kwa sababu wanaoumizwa nayo ni watu wanaojitahidi.

Maana yenyewe haina mlolongo mrefu. Afya ya mtu ina pande kadhaa: mwili, hisia, akili, mahusiano, imani na kazi. Hizo sita alizipanga Bill Hettler, daktari wa Marekani, mwaka 1976, na ndizo zinazozunguka sana kwenye semina. Waliokuja baadaye wameongeza fedha na mazingira, zikafika nane. Kuziweka katika mizani ni kuhakikisha kila upande unapata unachokihitaji, kwa wakati unaokihitaji, ili usidhoofu ukaburuta na wenzake. Ndiyo maana nzima. Mlo kamili ni sehemu ndogo tu ya upande mmoja, kwa hiyo anayedhani sahani yenye ugali wa muhogo, dagaa wa mawese na matembele imemaliza kazi bado yuko mlangoni.

Kosa la kwanza ni la mgawanyo. Mwezeshaji huchora duara ubaoni, akalikata vipande sita vilivyo sawa, akaandika jina la upande katika kila kipande. Kwa kuonyesha kwamba pande zipo, mchoro unafaa. Shida huanza pale msikilizaji anapouchukua kama ratiba: vipande ni sawa, basi na muda uwe sawa, na juhudi iwe sawa. Anarudi nyumbani akijilaumu kwamba kazi imekula muda mwingi na akili imepata kidogo, kana kwamba kuna mtu amesimama mlangoni kwake akipima kilo.

Jambo hili lilishawekwa wazi zamani sana. Ibn Sina, tabibu aliyefariki Hamadan mwaka 1037, alipofika kwenye maelezo ya mwili uliokaa sawasawa katika kitabu chake kikubwa cha tiba, alisimama kwanza kuonya. Alisema tabibu anapoutaja mwili huo kwa neno la Kiarabu muutadil, asidhaniwe anazungumzia taadul, vitu kulingana uzito kama kwenye mizani ya sokoni. Neno hilo, alisema, linatoka kwenye adl, haki katika mgawanyo: kila mmoja apate fungu linalomstahili. Mwili ambao joto na baridi, ukavu na unyevu vimelingana kabisa, aliona haupatikani kwa binadamu. Kwa hiyo fungu la kijana lina namna yake, la mzee lina namna yake, na la moyo halifanani na la ngozi.

Nashikilia hapa kwa sababu sisi neno hilo tunalo nyumbani. Tunasema adili, tunasema uadilifu, na hakuna anayedhani kadhi mwadilifu ni yule anayewagawia wadai wote kiasi kimoja bila kuangalia nani anadai nini. Kwenye mirathi na kwenye kesi ya shamba tunaielewa haki hiyo vizuri. Kwenye afya tumeiacha, tukashika kilo.

Na kwa anayeniambia kwamba kuhesabu hasira na huzuni kuwa mambo ya afya ni maneno mapya ya wageni: matabibu wa mapokeo ya Ibn Sina walikuwa na orodha yao ya mambo sita ambayo hakuna anayeishi bila kukutana nayo. Hewa, chakula na kinywaji, mwendo na mapumziko, usingizi na kukesha, vitu vinavyotoka mwilini na vinavyobaki, na mitikisiko ya nafsi kama hasira, huzuni na hofu. Tabibu alitakiwa kuuliza juu ya yote sita kabla ya kufungua mkoba wa dawa.

Ukienda Ujiji kwenye darsa baada ya magharibi utaisikia fikra hiyo hiyo kwa njia nyingine. Salman, swahaba wa Mtume Muhammad, alimtembelea nduguye Abu Dardaa, akamkuta amezama katika funga za mchana na sala za usiku hata mkewe amekata tamaa naye. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale mpaka mwisho wa usiku, ndipo wakasali pamoja. Kisha akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipopelekewa habari hiyo alisema Salman amesema kweli. Salman hakumwambia agawe usiku mafungu matatu yaliyo sawa. Alitazama nani amenyimwa, akaanza naye.

Sasa tushuke mwaloni Kibirizi, ufukweni samaki wanaposhushwa, maana hapo jambo hili linaonekana kwa macho. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa unazidiwa, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi inapumzishwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Mama anayeanika dagaa anaishi kwa kalenda hiyo. Siku za giza yuko mwaloni kabla hakujapambazuka, anagombea bei, anabeba beseni, anatandaza dagaa kwenye chanja tabaka jembamba ili wasivunde. Jua likipanda anapita anawageuza kwa viganja vyote viwili, mgongo umepinda, jicho moja kwa kunguru na jingine kwa wingu linalotoka upande wa Kongo. Tone la kwanza likidondoka anapiga yowe na wenzake wanakimbilia maturubai. Usingizi anaupata vipande viwili, kimoja usiku na kimoja mchana.

Mama wa namna hiyo aliambiwa kwenye semina atenge saa moja kila siku kwa kila upande wa afya yake. Alijibu kwa heshima: "Mwanangu, hiyo saa ya akili nikiitenga leo, dagaa wataoza, na akili ndiyo itaharibika kabisa."

Alikuwa sahihi. Mwezi unapokuwa mpevu, huyo huyo anakwenda kliniki, anakwenda mazoezi ya kwaya, anapanda gari kwenda Kasulu kwa dada yake, anakaa na mwanawe wa darasa la sita kupitia madaftari. Ukimkagua siku moja ya giza utasema hana mizani. Ukimkagua mwezi mzima utaona kila upande umepewa fungu lake, kwa zamu inayoamriwa na ziwa.

Hata hivyo pande za afya hazina uvumilivu mmoja, na hili ndilo lingepaswa kufundishwa mahali pa duara. Dada wa Kasulu anaweza kusubiri wiki mbili akakupokea kwa furaha ile ile. Maji hayasubiri siku. Usingizi hausubiri wiki. Ukiukopa siku kumi mfululizo, kulala Jumapili nzima hakurudishi kila kitu. Dawa ya presha ni ya kila siku, giza au mbalamwezi, na ukiiacha wiki ya msimu ukaimeza kwa wingi wiki ya mapumziko unajiletea hatari mara mbili. Mtu anayepanga mizani yake aanze kwa kujua upande upi unaweza kungoja na upi hauwezi.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linavaa sura ya nidhamu. Ni kuamini kwamba ziada ya upande mmoja inalipa deni la mwingine. Kijana wa bodaboda anakimbia kila alfajiri, anateremka kutoka Mwanga hadi stesheni na kupanda tena, halafu anaendesha mpaka usiku wa manane na kulala kwa saa 4 tu. Ukimuuliza habari ya usingizi anakujibu, "Kaka, mimi nakimbia, nimebalansi." Kukimbia kwake ni jambo jema kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake kama ni mazoezi makali, naye anazivuka. Lakini hakuna dakika ya mbio inayogeuka kuwa dakika ya kulala. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na macho yatamfumba njiani, abiria yuko mgongoni, hata kama mapafu yake hayana mpinzani Kigoma nzima.

Hali ni hiyo hiyo kwa baba mwenye misuli anayekataa kupima presha kwa kuwa anabeba magunia bandarini. Presha iliyopanda, kuanzia 140 kwa 90, kwa watu wengi haina dalili yoyote, na nguvu za mikono haziitangazi. Ni hiyo hiyo kwa anayesema sala zake zimemtuliza kwa hiyo damu iliyopungua itajirekebisha, na kwa anayetuma hela nyumbani kila mwezi akahesabu kwamba amemaliza upande wa mahusiano ilhali hajazungumza na mama yake tangu Idi. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Moja likizama, ukaleta jingine kubwa kuliko yote ukaliweka upande wa pili, chungu kinazidi kuinama.

Nisieleweke kwamba pande hizi hazijuani. Zinasaidiana sana. Mazoezi huwapunguzia wengi sonona na wasiwasi. Aliyelala vya kutosha hachokozeki ovyo, na hata chakula hukichagua kwa utulivu. Mgonjwa mwenye watu wake hukumbushwa dawa. Ila kusaidiana ni kitu kimoja na kulipiana ni kingine. Mazoezi yanakufanya ulale vizuri zaidi utakapolala. Hayalali kwa niaba yako.

Upungufu, kwa upande wake, unasambaa upesi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mapumziko ya mwili yalikuwepo tele kwa aliyezoea kukesha majini. Mwenye akiba aliweza kuyatumia. Mwenye marejesho ya mkopo kila wiki alikuwa na usiku mzima wa kulala na usingizi hauji, kisha asubuhi ugomvi ndani ya nyumba juu ya bei ya unga. Pengo la kipato lilipita kwenye hisia likafika kwenye ndoa, na mapumziko yote yale ya mwili hayakulizuia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiondoa fedha kwenye mazungumzo ya afya kwa kudhani ni mambo ya dunia.

Jambo la mwisho ni dogo. Wapo wanaosikia mizani wakaelewa ukamilifu. Wameshikilia tamko la Shirika la Afya Duniani, lililotiwa saini New York mwaka 1946, linalosema afya ni ukamilifu wa mwili, akili na jamii, wala si kukosa maradhi tu. Tamko lile lilifanya kazi kubwa ya kuingiza akili na jamii ndani ya neno afya. Lakini neno ukamilifu linamtoa nje mzee wa Ujiji mwenye kisukari anayemeza dawa kwa wakati, anayetembea kwenda sokoni, anayecheza bao na rafiki zake kila alasiri. Mwaka 2011 daktari wa Uholanzi, Machteld Huber, pamoja na wenzake walipendekeza afya itazamwe kama uwezo wa kujirekebisha na kujisimamia pale maisha yanapobadilika. Kwa kipimo hicho mzee yule yuko vizuri, na mimi nakikubali.

Kwa wanaoendesha semina, duara liacheni kama mmelizoea. Ombi langu ni kwamba chini ya kila kipande muandike maswali mawili: upande huu unahitaji nini mwezi huu, na unaweza kungoja mpaka lini? Msiwape watu saa za kugawa. Mvuvi, mwalimu wa shule ya msingi, mama lishe wa stesheni na mlinzi wa usiku watajaza majibu tofauti, na yote yanaweza kuwa sahihi.

Na mwenzako akisema amebalansi kwa sababu ya jambo moja analolifanya vizuri, usimkosoe mbele za watu, wala usimwambie aliache. Msifu kwa hilo moja, kisha muulize upande upi umengoja kuliko yote. Akisema ni ndugu, ampigie jioni hii. Akisema ni usingizi, afunge pikipiki mapema leo. Akisema ni presha, kupima ni dakika chache, na unaweza kumsindikiza.