Janis wa kwenye barua na Janis wa kwenye steji

Kazi yangu ni kuediti, na miaka mingi nimekaa na futeji za zamani kuliko hizi za kushuti jana, kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na dokumentari gani ya mwanamuziki sifikirii mara mbili, namtajia Janis: Little Girl Blue ya Amy Berg, imetoka 2015, inamhusu Janis Joplin. Wengi wakisikia hilo jina wanajua tu ni yule dada wa rock wa kina hipi wa San Francisco aliyekufa kwa heroini ana miaka 27. Hiyo ipo mle ndani, haijafichwa. Ila kilichonishika mimi ni barua.

Ngoja nieleze. Ukitengeneza filamu ya mtu aliyeshafariki shida yako ya kwanza ni kwamba mwenyewe hayupo, sasa anasimuliwa na wengine, wanabendi wanasema yao, ndugu yao, waliompenda yao, na usipoangalia mwenye filamu anageuka mgeni humo humo. Wengine huwa wanaziba hilo pengo kwa kuweka msimulizi mwenye sauti nzito anayejua kila kitu. Berg amechukua barua ambazo Janis mwenyewe aliwaandikia wazazi wake Port Arthur, Texas, akampa Chan Marshall azisome, yule Cat Power, mwimbaji, tena na yeye mtoto wa kusini mwa Marekani. Yaani unamsikia Janis anavyojieleza kwa mama yake, alafu picha inakata unamwona anavyojieleza mbele ya maelfu ya watu, na hao ni watu wawili kabisa.

Barua ya Juni 1966 kwa mfano. Hapo ujue alishawahi kwenda San Francisco mara ya kwanza 1963, madawa yakamwangusha, 1965 akarudi kwao amekonda hata kutazamika hatazamiki, akatulia, akarudi shule, akavaa kama wazazi walivyotaka. Sasa ameondoka tena, na anawaandikia kwa woga kwamba jamani niko San Francisco. Anaomba radhi. Anaahidi atakuwa makini. Kumbe ndo anaingia Big Brother and the Holding Company, bendi iliyokuja kumtoa.

Mwaka mmoja baadae ni Monterey, lile tamasha la muziki la California, Juni 1967, na hapa lazima nikae kidogo maana ndo sehemu ninayoirudia kila mara. Show yao ya kwanza, Jumamosi mchana, haikurekodiwa na kamera, meneja wa bendi alikataa. Watu wakachanganyikiwa na walichokisikia, na Janis mwenyewe akataka irekodiwe, basi wakapewa nafasi wapige tena Jumapili, na hiyo ndo D.A. Pennebaker, mtengeneza filamu aliyekuwa anashuti tamasha, na watu wake waliipata. Ball and Chain. Wimbo wa Big Mama Thornton, mwimbaji wa blues, walimsikia anaupiga wakamwomba, wakauvuta taratibu na kuupeleka kwenye maina, ile skeli yenye huzuni. (Mimi ningempa Big Mama Thornton nafasi kubwa zaidi kwenye hii filamu, na Bessie Smith pia, mwimbaji wa blues wa zamani zaidi, maana bila hao wanawake weusi Janis asingekuwa na pa kuanzia, na yeye alilijua hilo vizuri, Agosti 1970 alichangia hela kaburi la Bessie Smith lipate jiwe.)

Angalia kamera inavyofanya kazi pale. Haigandi usoni tu, inashuka mpaka miguuni, unaona kiatu kinavyopiga steji, mguu mzima unatetemeka kabla sauti haijatoka, kama vile ile sauti inaanzia kwenye sakafu. Alafu inakata kwa Mama Cass, mwimbaji wa The Mamas & the Papas, amekaa na mashabiki, mdomo wazi, anasema wow, humsikii lakini unamsoma. Hakuna mchambuzi atakayekueleza zaidi ya huo uso. Na akimaliza Janis anatoka kwa kurukaruka kama mtoto aliyefaulu mtihani. Huyo anayerukaruka ndo yule wa kwenye barua! Kila nikifika hapo nasimamisha.

Baada ya hapo umaarufu, albamu yao Cheap Thrills 1968 inakaa namba moja Marekani wiki 8, anaiacha bendi, watu wanamlaumu, mengi nayapita.

Nisiloweza kulipita ni Agosti 1970, amerudi Port Arthur kwenye sherehe ya miaka 10 tangu wamalize sekondari. Manyoya kichwani, miwani ya rangi, waandishi wa habari wamemzunguka, anacheka, anajibu kila swali. Mmoja anamuuliza kama alienda kwenye dansi ya shule enzi hizo. Anajibu hakualikwa. Bado anatabasamu, ila tazama macho, kuna sekunde kama mbili hivi pale, na mhariri mwenye haraka angezikata.

Wiki chache baadae yuko Los Angeles anarekodi albamu ya Pearl na prodyuza Paul Rothchild, na kwa masikio yangu sauti yake haijawahi kuwa na nidhamu kama ile, anajua lini akwaruze na lini aache. Tarehe 1 Oktoba akaimba wimbo wa Mercedes Benz bila ala hata moja. Tarehe 4 wakamkuta amekufa chumbani kwake hotelini.

Siku hiyo hiyo alitakiwa aingize sauti kwenye wimbo wa Buried Alive in the Blues. Bendi yake mpya ilishapiga, wakaitia kwenye albamu vilevile ilivyo. Isikilize kwa hedifoni, haifiki hata dakika 3, gitaa linaingia, piano inajibu, na kila baada ya muda wanapunguza kidogo, wanamwachia nafasi aingie.