Ras Mkumbuu: Mji wa Kale Kwenye Ncha ya Rasi

Magharibi ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, kuna rasi ndefu na nyembamba iliyoingia baharini, na karibu na ncha yake yamesimama magofu ya Ras Mkumbuu: msikiti mkubwa wa Ijumaa, makaburi ya nguzo (yaani yaliyojengewa nguzo ya mawe) na mabaki ya nyumba za mawe. Afadhali mgeni afike kwa mashua, kwa kuwa mji huu ulijengwa na watu wa bahari, waliochagua mahali ambapo vyombo vinavyoingia Ghuba ya Chake Chake vilionekana mapema.

Hata mawe ya kuta zake yanatokana na bahari. Mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Kwa mihrabu na fremu za milango walipendelea tumbawe lililokatwa likiwa bado bichi majini, kwani huchongeka kwa urahisi kabla halijakauka na kuwa gumu.

Msikiti unaoonekana leo unakadiriwa kuwa wa karne ya 14, lakini si wa kwanza mahali hapo. Baada ya mwanaakiolojia James Kirkman kufanya uchunguzi katika miaka ya 1950, mwenzake wa fani hiyo Mark Horton alichimbua tena katika miaka ya 1980 na kukuta chini yake dalili za misikiti ya awali zaidi. Ugunduzi huo unaipa nguvu, kwa maoni yangu, hoja ya wataalamu wanaoamini kwamba hapa ndipo palipokuwa Qanbalu, mji wa kisiwani ambao al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliutaja kuwa na Waislamu waliozungumza lugha ya Zanj, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Makaburi ya nguzo ni fahari ya pwani yote ya Waswahili, na mengi yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa ukutani. Nyingi zimeng'olewa, zikabaki tundu tupu. Mizizi ya miti nayo hupenya kwenye nyufa na kuzitenganisha kuta.

Kwa hiyo tunawaomba wageni na wakaazi wasipande juu ya kuta, wasichukue mawe ya kujengea, na wasiokote hata kigae kidogo. Kigae kilichobaki katika tabaka lake la udongo humwezesha mchimbuaji kukadiria umri wa sakafu iliyo juu yake. Kikishahamishwa, ushahidi huo haurudi.