“Si ni wadogo tu hao?” Uongo tunaoambiana kuhusu samaki wa tenki la nusu maji
Hizi tenki za kujaza maji nusu afu juu unaacha mimea itokeze zimependwa sana siku hizi hapa Dar, na mimi sina neno maana ndo zinanilisha, ila kuna sentensi moja nikiisikia tena kwa mteja nafunga duka naenda kuuza maembe: “Weka hata thelathini bosi, si ni wadogo tu hao?”

Jamani tuhesabu. Tenki la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 likijaa ni lita kama 65. Wewe umejaza mpaka sentimita 18, zimebaki 32. Udongo umekula sentimita 6 za chini, mawe na kile kigogo ulichokipenda navyo vimekula zao, kwa hiyo samaki wako kiukweli ana lita 20 hivi, ukibahatika 21. Lakini mtu kichwani bado ana tenki la lita 65 kwa sababu ndo alivyolipia.

Na watu wanahofia kitu kisicho chenyewe, wanadhani maji yakiwa nusu samaki atakosa hewa. Oksijeni inaingilia pale juu maji yanapokutana na hewa, na huo uso ni 60 kwa 30 ileile, ujaze nusu ujaze yote. Balaa ni amonia, ule uchafu wa samaki wenye sumu. Samaki anaitoa muda wote kupitia matamvua, na amonia ya samaki walewale ikiingia kwenye nusu ya maji ukali wake unakuwa mara mbili, hesabu za darasa la nne hizo. Joto nalo hivyohivyo, maji machache yanachemka haraka na kupoa haraka, sasa we weka dirishani uone saa nane mchana.

Halafu udogo wa mwili haukwambii kitu kuhusu tabia. Zebra danio hazidi sana sentimita 5 lakini ni wa mbio kutwa nzima, anataka urefu wa tenki, umbane katikati ya mizizi ataanza kuwasumbua wenzake. Beta ana mwili mkubwa kuliko yeye ila ni mtulivu, asili yake maji ya kina kifupi yenye majani huko Thailand, na anavuta hewa ya juu mwenyewe (ndo maana nasema funika kioo uache upenyo kidogo, ile hewa aivute ikiwa ya uvuguvugu, na asiruke). Kwa lita zako 20 mimi nakupa dume mmoja wa beta, basi. Au gurami wadogo wale Trichopsis pumila watano, hawavuki sentimita 4, na nyumba ikitulia unawasikia wakikoroma kabisa. Au gapi madume matupu, watano sita.

Hapo kwenye gapi sasa ndo mtu anaanza, niongezee na jike mmoja tu wa kuwachangamsha. Jike wa gapi anazaa kila baada ya wiki nne hivi, na akishapandwa mara moja anatunza mbegu za dume kwa miezi kadhaa, yaani huyo mmoja tu kutoka kwenye tenki la mchanganyiko anafika kwako ana mzigo tayari. Usinipigie simu baadaye kwamba wamejaa.

“Mimea inasafisha, filta ya nini?” Nusu kweli. Mmea wenye majani nje na mizizi majini unakula uchafu vizuri sana, sababu kabondaioksidi anaichukua hewani bila shida. Ila ule uliopandwa jana bado unahangaika kushika mizizi, na bakteria wa kula amonia wanataka wiki nne mpaka sita kujenga. Weka filta ya sponji. Ile ya kuning'iniza ukingoni achana nayo, bomba halifiki maji na ikimwaga inamwaga toka juu, kelele usiku kucha. Walioko Arusha au Nairobi wanaotumia hita, ilazeni chini izame yote, ikisimama nusu nje kioo chake kinapasuka.

“Maji yakipungua naongezea ya kisima.” Kinachopanda hewani ni maji peke yake, chumvi inabaki palepale, na visima vingi vya Dar vina chumvi tayari, kwa hiyo kila ukiongezea unazidisha, na kwenye nusu tenki inazidi haraka. Ongezea ya mvua. Maji ya kubadilisha ndo utumie yako ya kawaida.

Goldfishi anakua kulingana na tenki? Hapana. Anadumaa kwa maji mabovu afu anakufa. Nusu tenki haimhusu, tusibishane.

La mwisho ni la wanaonishutumu nimewauzia kilifishi wagonjwa sababu wamekufa mwaka umeisha. Nothobranchius guentheri ni wa Unguja hukohuko, anaishi kwenye vidimbwi vya mvua, kidimbwi kikikauka wakubwa wote wanakufa na mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua nyingine. Maisha yake ndo hayo mafupi, kwenye tenki mwaka hivi ameshazeeka. Kwa maji ya kina kifupi sioni wa kumshinda, dume ana mkia mwekundu utadhani amepakwa rangi, dume mmoja na majike mawili wanakutosha. Ukitaka wasiishe weka kibakuli cha nyuzi za nazi zilizochemshwa, watatagia humo, zikamue zibaki na unyevu, funga kwenye mfuko miezi kama mitatu, afu mwagia maji. Na huo mfuko uandike, maana wa nyumbani wakiuona wanajua ni takataka.