Si kila gumegume la kaburini aliwekewa marehemu

Dhana: Kifaa chochote cha gumegume (jiwe gumu lililochongwa kuwa visu na ncha za mishale) kinachochimbuliwa kwenye kilima cha makaburi (lundo la mawe na udongo lililojengwa kuhifadhi wafu) aliwekewa marehemu akakitumie ahera.

Hii nimeichoka. Mtu akiona ncha moja ya mshale kutoka vilima vya Zama Mpya za Mawe kule Uingereza, papo hapo anamgeuza maiti shujaa wa vita. Kwanza uliza kilikutwa tabaka gani la udongo. Hazleton North, Gloucestershire, kilima kilichochimbwa kuanzia 1979 hadi 1982, chini yake kulikuwa na jalala la watu waliopita pale kabla kaburi halijajengwa: vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama, vipande vya gumegume. Ni takataka za nyumbani, hazihusiani na mazishi. Vipande vingine huzolewa tu na udongo wa kujengea.

Na hizo ncha za mishale? Kwenye kilima cha West Kennet, mzee mmoja alikutwa na ncha kooni. Kwenye kile cha Ascott-under-Wychwood, ncha imekwama kwenye pingili ya uti wa mgongo. Huyo hakutunukiwa mshale, alipigwa nao!

Sisemi zawadi hazikuwepo. Hazleton hiyohiyo, kwenye mlango wa kaskazini, mwanamume alilazwa na bonge la gumegume lililokwisha kubanduliwa vipande, karibu na kiwiko, na jiwe la kugongea karibu na mkono. Tunalijua hilo kwa sababu vilikutwa palepale vilipowekwa. Basi ukiona kitu, usiking'oe, na tafadhali usikioshe. Ukikitia mfukoni umebaki na jiwe tu.

Dhana: Vilima hivi ni vya wafalme.

Vipimo vya DNA vya Hazleton, vilivyotangazwa 2021, vilionyesha kuwa 27 kati ya watu 35 waliopimwa ni ukoo mmoja wa vizazi vitano, uzao wa mwanamume mmoja na wanawake wanne. Watoto pia wamo.

Dhana: Umri wa gumegume hupimwa kwa kaboni.

Kaboni hupima vilivyowahi kuwa hai, na gumegume halikuwa kiumbe hai. Tunapima mifupa na pembe zilizokutwa nalo, ndiyo maana tabaka likivurugwa kazi imeharibika.

Dhana: Chenye makali ni kifaa.

Vingi ni makapi ya uchongaji. Ule uvimbe chini ya sehemu iliyogongwa unaonyesha namna kipande kilivyobanduka, hausemi kama kilitumika. Tazama ukingo: kama umechongwa tena kwa vipigo vidogovidogo vilivyopangana, hapo tunaweza kuzungumza.