Muda wa kusubiri ni nini darasani?

Muda wa kusubiri ni ule ukimya unaokaa kati ya swali la mwalimu na jibu la mwanafunzi. Mwalimu ameshauliza. Hajataja jina la mtu, hajarudia swali, hajadokeza jibu. Anangoja tu. Humo ndimo mwanafunzi anapotambua kama anatakiwa kufikiri, au linatafutwa jibu lolote ili somo lisonge mbele.

Aliyeipa dhana hii jina ni Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, ambaye kazi yake juu yake ilianza kujulikana katika miaka ya 1970. Alisikiliza kanda za vipindi halisi, akakuta kwamba walimu wengi hungoja sekunde 1 hivi, pengine isifike. Kimya kikizidi hapo, hurudia swali, humgeukia mwingine au hujijibia wenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi walioshindwa kujibu wakapungua, na waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema.

Muda huu uko wa aina mbili. Wa kwanza huja baada ya swali. Wa pili huja baada ya mwanafunzi kusema, kabla mwalimu hajasema lolote. Huu wa pili husahaulika sana, nami nauona ndio unaojenga uhusiano kuliko ule wa kwanza.

Tuseme mwalimu ameuliza kwa nini barafu huelea majini. Msichana wa dawati la nyuma anasema, “Kwa sababu ni nyepesi,” kisha anasita. Mwalimu akidakia “Vizuri sana!” amemfunga mdomo kwa sifa. Akitulia, macho yake yangali kwa msichana, kalamu imeshuka, huenda akasikia yaliyobaki: “Lakini pande kubwa la barafu ni zito, na bado linaelea. Labda ni nafasi linayochukua.” Hapo ndipo fizikia ilipoanza, na msichana ameigusa mwenyewe. Zaidi ya hayo, ameonja kusikilizwa hadi mwisho wa wazo lake, na mtoto aliyesikilizwa hivyo huthubutu tena kesho.

Si kila swali linahitaji kungojewa. Saba mara nane ni ngapi? Anayejua atasema, tuendelee. Kungoja kunafaa pale swali linapodai sababu, ulinganisho au maoni. Tena utaratibu una uzito wake: swali kwanza, kimya, ndipo jina. Ukianza na jina, wengine wote hupumua na kuacha kufikiri, na yule mmoja aliyetajwa hubaki amesimama, darasa zima likimkodolea macho. Kimya cha namna hiyo ni mateso.

Rowe aliona jambo jingine linalonigusa sana. Walimu walipojifunza kungoja, matarajio yao kwa baadhi ya wanafunzi yalibadilika pia. Waliokuwa wamehesabiwa wazito wa kuelewa walitoa mawazo ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuyangoja.

Anayetaka kujaribu na ahesabu moyoni, taratibu, hadi 3, mikono ya kwanza ikiwa tayari juu. Mara za mwanzo kimya hicho kitamwelemea. Awaambie wanafunzi wazi: “Sitamchagua mtu bado, fikirini kwanza.” Wakishalijua hilo, hata wao hawakiogopi.