Hitilafu za PHP: ziandikwe, zisitangazwe

Jumatatu moja ya mwisho wa muhula, mwalimu mkuu wa shule moja ya Arua alinitumia picha kwa WhatsApp. Mzazi alikuwa amefungua tovuti ya shule kutafuta ripoti ya mwanawe, akakuta maandishi asiyoyaelewa, akapiga picha skrini na kuitupa kwenye kundi la wazazi. "Fundi, hiki ni nini tena?" Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili. Maandishi yenyewe yalikuwa haya, ila majina na nywila nimebadilisha:

```
Fatal error: Uncaught PDOException: SQLSTATE[HY000] [1040]
Too many connections in /home/shule/public_html/db.php:7
#0 /home/shule/public_html/db.php(7): PDO->__construct(
'mysql:host=loca...', 'shule_mkuu', 'Ediofe2018')
```

Wazazi waliingia kwa mkupuo, MySQL, programu inayotunza hifadhidata, ikakataa kupokea wengine. Hilo peke yake si kitu, lingeisha baada ya dakika chache. Tatizo ni kwamba PHP, lugha ya programu inayoiendesha tovuti ile, katika kulalamika kwake, ilitaja folda tovuti inakokaa, jina la mtumiaji wa hifadhidata, na nywila yake. PHP hukata maandishi yanayozidi herufi 15 kwenye orodha ya namna hii, ndiyo maana anwani ya seva imeishia kwenye "loca". Nywila ilikuwa na herufi kumi tu, ikatoka nzima nzima.

Tovuti ile sikuijenga mimi, niliirithi. Lakini nilikuwa nayo miezi mitano bila kutazama mipangilio yake, kwa hiyo lawama naibeba. Jambo la kwanza nililofanya ni kubadilisha nywila, kabla hata ya kujibu ule ujumbe. Ndani ya hifadhidata ile mna namba za simu za wazazi na alama za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hapa Uganda inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haimsikilizi fundi anayesema alisahau.

Sasa tuje kwenye kuficha. Wengi wakiambiwa wafiche hitilafu, wanakimbilia mstari huu juu ya index.php:

```
error_reporting(0);
```

Skrini inakuwa safi, kila mtu anafurahi. Mimi mstari huu siupendi hata kidogo. Hauifichi hitilafu, unaiua kabla haijasemwa popote: mgeni haioni, na wewe huioni, kwa sababu hata kwenye logi, faili ambamo makosa ya tovuti huandikwa, haiandikwi. Siku malipo ya karo yakigoma kupokelewa, utakaa mbele ya ukurasa mweupe usijue pa kuanzia. Alama ya @ mbele ya kila fungsheni ni ugonjwa huohuo kwa dozi ndogo, na tangu PHP 8.0 hainyamazishi tena makosa makubwa yanayosimamisha programu.

PHP ina swichi mbili tofauti, na kila kitu kinategemea kuzitenganisha kichwani. `display_errors` huamua kama hitilafu itaonyeshwa kwa aliyefungua ukurasa. `log_errors` huamua kama itaandikwa kwenye faili. Kwenye tovuti iliyo hewani ya kwanza inazimwa, ya pili inawashwa, na `error_reporting` inabaki kukusanya kila kitu:

```
error_reporting = E_ALL
display_errors = Off
display_startup_errors = Off
log_errors = On
error_log = /home/shule/logi/php.log
```

Anza na logi. Hakikisha inaandika, ndipo uzime skrini. Ukigeuza mpangilio huo utakuwa umezima taa kabla ya kushika tochi.

Usidhani PHP ikija mpya huwa imejilinda. Pasipo kabisa na php.ini, yaani faili la mipangilio ya PHP, `display_errors` huwa imewashwa. PHP huja na faili mbili za mfano, php.ini-development ya kwenye kompyuta yako na php.ini-production ya kwenye seva, lakini ni juu ya mtu kuchagua na kunakili, na mara nyingi huyo mtu hayupo.

Swali linalonijia mara nyingi ni wapi pa kuandika mistari hiyo. Watu hupenda `ini_set('display_errors', 0)` ndani ya msimbo kwa sababu ndiko walikozoea kufanya kazi. Inafaa kiasi. Ila ukisahau nukta-mkato kwenye faili lilelile, PHP inashindwa kulisoma, hivyo ule mstari wa kuficha haufanyi kazi kamwe, na kosa linatoka hadharani. Swichi inatakiwa ikae nje ya msimbo. Kama seva ni yako, iandike kwenye php.ini, au kwenye faili la mipangilio la PHP-FPM (programu inayoendesha PHP kando ya seva ya wavuti) kwa `php_admin_flag[display_errors] = off`. Hii ya pili naipenda zaidi, kwa maana hakuna `ini_set` inayoweza kuipindua, hata ile iliyofichwa ndani ya programu ya nyongeza uliyoipakua usiku wa manane.

Kama umepanga nafasi kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, kama tunavyofanya wengi wetu, tazama kwanza PHP inaendeshwa vipi. Ikiwa ni kwa FastCGI au FPM, yaani kando ya seva ya wavuti, weka mistari kwenye faili liitwalo `.user.ini`, kisha subiri. PHP hulisoma upya kila baada ya sekunde 300 kama mpangilio huo haujaguswa. Nimewahi kubadilisha faili hilo mara saba ndani ya dakika tano nikiamini seva imerogwa. Ikiwa PHP imo ndani ya Apache yenyewe, ile programu inayowatumia wageni kurasa, tumia `php_flag display_errors off` kwenye `.htaccess`, faili la mipangilio ya Apache ndani ya folda ya tovuti. Usichanganye: mstari huo ukiuweka pale penye FPM, tovuti nzima itakuangushia kosa la 500, yaani "seva imeshindwa".

Logi nayo isikae ndani ya public_html, folda inayofunguka kwa kila mgeni wa tovuti. Huku ni kuhamisha siri kutoka sebuleni kwenda barazani. WordPress ina mtego huu: ukiwasha `WP_DEBUG_LOG` bila kutaja njia, inaandika debug.log ndani ya wp-content, na seva isipozuia, yeyote anayejua anwani analisoma kwa kivinjari. Waweza kuipa njia yako mwenyewe badala ya `true`, nje ya folda ya wazi, na `WP_DEBUG_DISPLAY` uiweke `false`. Kwa Laravel, kiunzi cha kujengea programu za PHP, hakikisha `APP_DEBUG=false`, yaani hali ya kusaka makosa imezimwa. Mwaka 2021 lilitangazwa tundu la usalama la CVE-2021-3129, ambapo ukurasa wa hitilafu wa Ignition, kifurushi kinachoonyesha makosa ya Laravel, ulimwezesha mtu wa nje kuendesha msimbo wake kwenye seva iliyoachwa na hali hiyo ikiwa imewashwa.

Kuna faida nyingine ya kuzima skrini ambayo haitajwi sana. `display_errors` ikiwa imewashwa, kosa linalosimamisha programu hurudi kwa kivinjari na namba 200, yaani "mambo shwari". Ikiwa imezimwa, PHP hurudisha 500 yenyewe, mradi hakijatumwa kitu bado. Kama una huduma inayochunguza tovuti yako kila baada ya dakika chache, hiyo namba ndiyo inayoitazama.

Neno kuhusu saa. Nilipofungua logi ya shule ile mara ya kwanza niliona kosa la 06:14 na nikaanza kuuliza nani alikuwa macho alfajiri hiyo. Hakuna aliyekuwa macho alfajiri. Logi ilikuwa inaandika UTC, saa ya kimataifa. Kwa Kampala na Arua ilikuwa 09:14, na kwa mama aliyenipigia simu ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nne. Saa za aina tatu kwa tukio moja! Weka `date.timezone = Africa/Kampala` ujiokoe na hesabu hizo.

Ukurasa mweupe nao ni ukatili kwa mgeni. Kwa shule ile niliweka hiki mwanzoni mwa programu:

```
set_exception_handler(function ($e) {
    $namba = bin2hex(random_bytes(3));
    error_log("[$namba] $e");
    http_response_code(500);
    echo "Samahani, kuna hitilafu. Mtajie fundi: $namba";
});
```

Ukishika hitilafu mwenyewe hivi, PHP haiandiki tena logi wala haiweki 500 kwa niaba yako, kwa hiyo ile mistari miwili ya katikati usiiache. Na kosa la kuishiwa kumbukumbu halipiti hapa. Hilo utaliona kwenye logi tu.

Seva ilikuwa PHP 7.3, nikaipandisha. Kuanzia 8.2 nywila ya PDO, sehemu ya PHP inayoungana na hifadhidata, hufichwa hata kwenye orodha ya aina ile iliyoniumbua, na toka 7.4 upo mpangilio `zend.exception_ignore_args` unaoondoa thamani zote. Niliuwasha pia.

Wiki tatu baadaye mhasibu wa shule akapiga simu. "Fundi, imeniandikia nikusomee: a, nne, f, sifuri, tisa, c." Nilikuwa Ntinda, Kampala, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nikafungua logi, nikaitafuta namba, nikakuta Division by zero kwenye mstari wa kukokotoa wastani. Walikuwa wamesajili mkondo mpya wa darasa ambao haukuwa bado na mwanafunzi hata mmoja, na PHP 8 haikubali kugawanya kwa sifuri kwa onyo tu kama zamani. Nikamwambia aingize wale watoto kwanza, jioni nitarekebisha huo mstari.